Kufunga saa 16 ilhali nyumba nzima inakunywa chai: wenzangu mnafanyaje?

Ukhti wa Kikwajuni (Mjini, Unguja)

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Ninaomba mawazo kutoka kwa wale wanaofuata mfungo wa vipindi, yaani ule wa kukaa saa 16 bila ya chakula na kula ndani ya saa 8 zinazobaki. Niliuanza baada ya daktari kuniambia kwamba uzito wangu na shindikizo la damu vinapanda pamoja, na kwa kuwa marehemu mama yangu aliugua maradhi ya sukari kwa muda mrefu, sikutaka kukaa nikisubiri siku ya kuandikiwa dawa. Nimechagua kula kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, kwani hizo ndizo saa ninazoona watu wengi wakielekezana.

Njaa yenyewe hainishindi. Sote tumelelewa na funga tangu skuli, na mfungo unaoruhusu maji ni mwepesi ukiupima na Ramadhani. Linalonipa tabu zaidi ni nyumbani. Tunaishi na mama mkwe wangu, naye huamka baada ya sala ya alfajiri akachoma maandazi na kupika chai ya maziwa kwa ajili yetu sote. Tangu nilipoacha kukaa kwenye sinia la asubuhi, amekuwa akiniuliza kama kuna neno, na juzi nimesikia kwamba amemwambia wifi yangu kuwa nimemsusia chakula chake. Nimemweleza kuwa ninapunguza uzito, lakini kwake yeye mtu anayefunga hufunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na asiyefunga hula.

Huko kazini nako, ikikaribia saa 4 asubuhi kichwa huniuma, khasa siku ambazo wenzangu wameagiza chai na bajia. Uzito ulipungua kidogo mwanzoni, kisha ukasimama pale pale. Mchana ninakula wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na jioni nikipita Darajani hununua urojo, kwa kuwa bado nimo ndani ya saa zangu za kula. Ninajiuliza kama nifupishe zaidi saa hizo, au niongeze funga ya sunna ya Jumatatu na Alkhamisi ili nipate faida mbili kwa pamoja.

Mume wangu, ambaye anatumia dawa za sukari, amevutiwa na jambo hili na anataka tuwe tunafunga pamoja, nami ningefurahi kupata mwenza.

Tafadhali nielezeni namna mnavyoendesha mambo yenu, khasa mnaoishi na aila kubwa.


Mchumaji wa Wete (Pemba)

Alaykum salaam, dada yangu.

Mimi ninafuata mfungo huo huo, lakini saa zangu za kula ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nilizipanga hivyo kwa sababu ya kazi. Msimu wa karafuu unapoingia, sisi huwa shambani tangu mapema, na mkarafuu si mti wa kupandwa na mtu mwenye kizunguzungu, kwani matawi yake ni mepesi kukatika hata ukiwa mzima na macho yako yote. Kwa hiyo asubuhi ninakula muhogo wa kuchemsha na samaki, au mayai, pamoja na chai isiyo na sukari. Mchana ninarudi kula chakula kamili. Na alasiri ninapokwenda kusali huwa nimekwisha kula kwa siku hiyo, isipokuwa maji.

Tabu yangu mimi ni ya usiku, wakati watoto wanapokula nami nimekaa nao na bilauri ya maji. Mwanzoni nilikuwa nikitafuta kisingizio cha kutoka nje ya nyumba kila sufuria linapofunuliwa. Sasa nimezoea, ingawa nikialikwa maulidi ya usiku hula kama watu wengine na siku inayofuata ninaendelea na saa zangu bila ya kujilipiza.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba saa 16 ni zile zile popote utakapoziweka, na sehemu kubwa ya saa hizo umelala. Kama ugomvi uko kwenye chai ya asubuhi, kula chai ya asubuhi na mama mkwe wako, andazi moja likutoshe, kisha uache chakula cha usiku. Bila shaka hapo utahamishia mtihani kwenye sinia la usiku, na wewe ndiye unayejua ni sinia gani nyumbani kwenu lina uzito zaidi. Kwetu sisi la usiku ni viporo vya mchana tu, hivyo hakuna aliyehuzunika.

Kuhusu urojo sina ugomvi nao, nami nikija mjini ninaufuata. Lakini bakuli lenye kachori, bajia, viazi na chipsi za muhogo ni chakula kizima, na wewe unauhesabu kuwa kitu cha kupitisha jioni kabla ya chakula cha usiku.


Nesi Mstaafu (Fuoni)

Naomba, kabla ya kuzungumza chai na maandazi, turudi kwenye sentensi ambayo naona imepitwa: mume anatumia dawa za sukari na anataka kufunga. Bibie, asianze mpaka ajulikane anatumia dawa gani.

Kuna dawa kama glibenklamidi ambazo huilazimisha kongosho kutoa insulini, yaani homoni inayoshusha sukari katika damu, awe mtu amekula au hajala. Mtu akimeza dawa hiyo asubuhi kisha akakaa bila ya chakula hadi saa 6 mchana, sukari yake inaweza kushuka kwa kiwango cha hatari, na anayejidunga insulini yuko katika hatari hiyo hiyo au zaidi. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari namna hiyo, lakini hata hiyo humezwa pamoja na chakula, kwa hiyo ratiba ya dawa itabidi ibadilike na anayeibadilisha ni daktari wake. Nimewaona wagonjwa wakipunguza dawa wenyewe kwa kukisia, na wengine wakiendelea kumeza dozi ile ile kwa tumbo tupu, na sijui kipi kati ya hivyo viwili kinaniogopesha zaidi.

Mjue dalili zake nyote wawili: kutoka jasho bila ya sababu, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika, ukali usio wa kawaida. Akiwa na kipima sukari na kikasoma chini ya 3.9 mmol/L, mfungo umekwisha hapo hapo. Apewe vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na akishatulia ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, bali akimbizwe hospitali. Funga ya namna hii pia haiwafai wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wala mtu aliyewahi kuwa na maradhi ya kujinyima chakula.

Sasa wewe mwenyewe. Kichwa cha saa 4 asubuhi huenda ni ukosefu wa maji, na huenda ni mwili unaodai chai uliyouzoesha kila siku kwa miaka. Chai kavu isiyo na sukari wala maziwa haivunji mfungo huu, na kahawa chungu ya mtaani haiuvunji pia. Kinachouvunja ni kashata au halua inayokaa pembeni ya kikombe. Dafu linauvunja, kwani lina sukari yake ya asili, hata kama linaonekana kuwa maji. Wakati wa kaskazi unywe maji tangu unapoamka, usingojee kiu.

Kuna watu wanaoelekezana kutia chumvi katika maji ya asubuhi ili kuzuia maumivu ya kichwa. Wewe ambaye shindikizo lako linapanda usifanye hivyo. Na kichwa kikiendelea kuuma baada ya kunywa maji ya kutosha, usiulaumu mfungo moja kwa moja, nenda ukapimwe presha, kwa sababu nayo inaweza kuwa ndiyo yenyewe.


Msomaji wa Lishe (Tunguu)

Nimefurahi Nesi amelitangulia lile la dawa. Mimi nitajibu kuhusu uzito uliosimama, kwa kuwa swali hilo limekwisha kupimwa na matokeo yake yanafanana sana na ya dada yetu.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa matokeo ya wiki 12 kwa watu wazima 116 wenye uzito mkubwa. Kundi moja liliambiwa lile kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, yaani saa zile zile alizozichagua dada, na jingine lile milo 3 kama kawaida, bila ya mtu yeyote kuambiwa ale kiasi gani. Waliofunga walipungua kwa chini ya kilo moja kwa wastani, na tofauti yao na wale wengine haikuwa ya kutajika. Zaidi ya hayo, wale waliopimwa kwa undani walionekana kupoteza misuli, si mafuta peke yake.

Kisha mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Guangzhou, China, uliowafuata watu 139 kwa miezi 12. Hapo makundi yote mawili yalipunguziwa chakula, na moja kati ya hayo likatakiwa pia lile baina ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, kama ndugu yetu wa Wete. Waliobanwa saa walipungua takriban kilo 8 na wasiobanwa takriban kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kuwa saa ndizo zilizofanya kazi. Wote walipungua kwa sababu wote walikula kidogo.

Mimi sisemi kwamba mfungo huu hauna maana. Kwa watu wengi ni njia rahisi ya kula kidogo bila ya kupima kila kijiko, na ndani ya saa za kufunga insulini hushuka, ini hutumia akiba yake ya sukari, na mwili ukazidi kugeukia mafuta. Lakini mafuta yanayochomwa asubuhi hurudishwa jioni kwa wali wa nazi wa sahani iliyojaa na bakuli la urojo. Kwa hiyo, dada, kufupisha saa za kula kutoka 8 hadi 6 huenda kusikusaidie chochote ikiwa sahani itabaki ile ile. Ningeanza na kupunguza wali hadi nusu ya ulivyozoea, kuongeza mchicha au bamia, na kuhakikisha kila mlo una kitu cha kujenga misuli: samaki, dagaa, mayai, kunde au choroko. Tui likiwa limeshatiwa katika wali, mchuzi uwe wa ndimu na nyanya.

Nikiruhusiwa neno moja la pembeni: wapo wanaodai kwamba kukaa hadi saa 6 mchana kunasafisha seli zote za mwili, na wanamtaja Mjapani Yoshinori Ohsumi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Ni kweli aligundua namna seli zinavyojila na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa, lakini aliyagundua hayo katika hamira, ambayo ndiyo hiyo hiyo mama mkwe anayoumulia maandazi. Tuzo yake si ushahidi kwamba saa 16 zinamtosha binadamu kwa jambo hilo.


Ukhti wa Kikwajuni

Nawashukuru sana. Nimeitazama pakiti ya dawa za mume wangu na jina lililoandikwa ni glibenklamidi, hilo hilo alilolitaja Nesi, kwa hiyo nimemwambia asubiri hadi siku yake ya kliniki, naye amekubali baada ya kunung'unika kidogo. La sahani nimelielewa, ingawa sitaficha kwamba neno la nusu ya wali halikunifurahisha.

Bado nina haja ya kujua kuhusu Jumatatu na Alkhamisi, na bado sijapata njia ya kuzungumza na mama mkwe wangu.


Maalim wa Chake (Pemba)

Waalaykumus salaam warahmatullah.

Kuhusu funga ya sunna, ningependa uitenganishe na huo mfungo wa kiafya katika akili yako hata kama siku moja itavibeba vyote viwili. Funga ya sunna ni ibada yenye nia yake, haina maji wala kahawa, na mipaka yake ni alfajiri na magharibi. Afya ikipatikana ndani yake ni kheri, lakini anayefunga Alkhamisi kwa ajili ya mizani peke yake amekaa na njaa tu. Kwa undani wa suala la nia zinazochanganyika, muulize sheikh unayemwamini ana kwa ana.

Kwa upande wa mwili, angalia hesabu. Sisi tuko kiasi cha digrii 5 hadi 6 kusini ya ikweta, na funga yetu huwa ya saa 13 na kitu mwaka mzima, haina urefu wa kutisha kama wa ndugu zetu walioko Ulaya wakati wa kiangazi. Lakini ukimaliza kula saa 2 usiku wa kuamkia Alkhamisi, ukaacha daku, kisha ukafutari magharibi, utakuwa umekaa kiasi cha saa 22 bila ya chakula, na zaidi ya 13 katika hizo bila ya maji. Kwa mtu mwenye presha inayopanda na maumivu ya kichwa, mimi siku ya sunna ningekula daku na kunywa maji ya kutosha, na hizo saa 16 ningeziacha kabisa kwa siku hiyo.

Hatari iliyobaki ni futari. Sisi ni mabingwa wa kujizuia hadi jua linapotua, kisha meza ikatandikwa tambi, vitumbua, sambusa, viazi vya kukaanga, muhogo wa nazi na juisi ya sukari, na ndiyo maana wengi huumaliza mwezi wa Ramadhani wakiwa na uzito wao ule ule. Fungua kwa tende na maji, simama usali magharibi, ndipo urudi kwenye chakula. Muda huo mdogo wa sala hulipa tumbo nafasi ya kutambua kwamba limepewa kitu, na utajikuta unaporudi huna ile haraka ya mwanzo. Mimi hufanya hivyo hata siku ambazo sikufunga, ninapochelewa kula.


Bi Mkubwa wa Jang'ombe (Unguja)

Mwanangu, nimesoma maneno ya wasomi na nimeyakubali, lakini mimi ni mama mkwe na nitakujibu kama mama mkwe.

Umemwambia kwamba unapunguza uzito. Neno hilo kwa mtu wa umri wangu ni maneno ya vijana, na kwa anayekupikia kila alfajiri linasikika kama kusema maandazi yake ndiyo yaliyokunenepesha. Mwambie alivyosema daktari, na mwambie kuhusu maradhi ya marehemu mama yako, kwa sababu hakuna mzee katika kisiwa hiki asiyemjua mtu aliyekatwa mguu au kupofuka kwa sukari. Mwambie wewe mwenyewe, si kwa kupitia mumeo wala wifi yako.

Halafu usiikimbie asubuhi. Nesi amesema chai kavu inaruhusiwa, basi kaa kwenye sinia na kikombe chako, mmiminie yeye kwanza, muulize alivyolala. Mimi mke wa mwanangu alipoacha kula asubuhi hakuniudhi kwa kutokula. Aliniudhi kwa kubaki chumbani mlango umefungwa mpaka sote tukamaliza, na hapo ndipo mtu anaposema amesusiwa. Mwombe pia siku mbili tatu kwa wiki akupikie kitu cha mchana cha kuchukua kazini, samaki wa kuchoma au kunde, na ukirudi umsifu kwa kusudi. Anayependa kupika anataka kupikia watu, saa si hoja kwake.

Kwenye arusi usihangaike. Biriani letu huliwa mchana, na mchana uko ndani ya saa zako.

Na mumeo, kwa kuwa amezuiwa kufunga, mwache aendelee kula maandazi ya mama yake asubuhi ili roho ya mama itulie.


Nesi Mstaafu (Fuoni)

Bi Mkubwa, yote umeyasema vizuri, ila hilo la mwisho naomba tulijadili. Mwenye sukari asiruke chakula cha asubuhi, lakini maandazi matatu na chai ya maziwa yenye sukari si chakula chake. Andazi liwe nusu, aongezewe yai au maharage, na chai isitiwe sukari. Kama mama atakubali kumchomea madogo ya kwake peke yake na kupunguza sukari katika unga, nitakuwa wa kwanza kuja kuyaonja.